Gredi ya 4 wasome nini: hadithi au vitabu vya maarifa?

Mzazi wa Langoni: Asalaam aleikum. Kamati ya shule ya mwanangu hapa Lamu imepata pesa za vitabu vya gredi ya 4. Wengine wataka vya maarifa: volkano, sayari, barafu ya ncha ya dunia. Mimi nasema hadithi kwanza, mtoto aonje utamu wa kusoma. Watoto wetu dunia yao ni punda na jahazi, barafu ya nini? Mwaonaje?

Nahodha: Dada, hilo la punda na jahazi limenichoma. Wazee wetu walitweka tanga wakati wa kusi wakafika Arabuni, wakarejea na kaskazi, njia wakiisoma kwa nyota. Dunia iliingia Lamu kwa jahazi hilo hilo!

Mzazi wa Langoni: Babu, sijadharau mtu. Nimeuliza vitabu.

Mwalimu wa Mkomani: Mimi nafundisha gredi hiyo. Nina mtoto wa mvuvi, hadithi hazitaki kabisa. Bamvua na maji mafu, yaani bahari ikijaa sana na ikijaa kidogo, azijua kwa miguu yake. Nilimfungulia mchoro wa jua, mwezi na dunia vimejipanga mstari mmoja, na maelezo ya vile mvuto wao unavyojaza bahari mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Alisoma mpaka kengele, kisha akaniuliza mbona maji hujaa mara mbili kwa siku. Hadithi gani ingemfikisha hapo?

Nahodha: Umenena, mwalimu. Basi wasomeshwe pia vile Lamu ilivyopeleka twiga China.

Binti Malindi: Shikamoo babu, lakini twiga huyo ni wetu. Alitoka Malindi, akapelekwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415. Lamu mna urithi wa UNESCO tangu 2001, bado mwataka na twiga?

Mpate: Jisifuni tu. Si nyinyi mliompa Vasco da Gama rubani 1498, Ibn Majid, akawaongoza Wareno mpaka India?

Binti Malindi: Ibn Majid nani kakwambia? Wareno wenyewe waliandika ni Mgujarati. Na mfalme wetu alikuwa na uhasama na Mombasa, alitafuta mshirika. Usitutukanie wazee kwa jambo usilolijua.

Mpate: Nililisoma shuleni, kitabuni!

Mwalimu wa Mkomani: Hapo ndipo penye kazi. Vitabu vya kiada vyapitishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya. Haya maboksi ya msaada yanayojaa kabatini, nani anayapitia kabla mtoto hajayashika?

Mpate: Kwa hiyo mimi ndiye mjinga wa mjadala huu?

Mzazi wa Langoni: Jamani, kamati yakaa Jumamosi. Ninunue nini?

Nahodha: Nunua cha nyota. Lakini nikione kwanza. Kama Kilimia, kile kikundi cha nyota, hakimo, rudisha dukani.