Mjadala: Eti Mrusi kumwita dubu "mla asali" kunaonesha anavyoiona dunia?

Wadau kuna hoja inarudiwa sana na mi naipinga waziwazi. Wanasema neno la Kirusi la dubu, medved, asili yake ni mla asali, na la Kiingereza, bear, limetokana na rangi ya kahawia, kwahiyo Mrusi anamwona dubu kama jirani mwenye tabia zake, Mwingereza anaona manyoya tu. Inavutia kuisikia ila haisimami.

Hayo majina yote mawili ni ya kukwepa. Lugha ya kale iliyozaa Kirusi, Kiingereza, Kigiriki na Kilatini ilikuwa na jina lake la dubu, Wagiriki wakabaki nalo, arktos, Walatini ursus, ila huko kaskazini kwenye misitu watu wakaacha kulitaja, na wanaisimu wengi wanaeleza ni kwa kuogopa kwamba ukimtaja anatokea. Si ndo kama bibi zetu wanavyokataza kutaja nyoka usiku, unasema kamba? Sasa tofauti ya mtazamo iko wapi, woga ni uleule, huyu kakimbilia chakula yule rangi, na hata hiyo rangi kuna wataalamu wanabisha, wanasema ilimaanisha mnyama wa porini basi.

Afu Warusi wengi leo wakilichambua neno lao wanasikia "anayejua asali", sio anayekula. Maana yenyewe imeshapotea, itaongozaje macho ya mtu?

Ukaribu wao na dubu sibishi. Kwenye hadithi za watoto anaitwa Mikhail Potapych, jina lake na la baba kabisa, vile anavyoitwa mtu mzima wa kuheshimiwa, na Olimpiki ya Moscow 1980 alama yake ilikuwa dubu Misha. Ila hiyo imetoka kwenye kuishi naye jamani, Urusi ina dubu wa kahawia zaidi ya laki moja, wakati Uingereza dubu wa porini walitoweka karne nyingi nyuma na waliokuja kuonekana London waliletwa toka nje, wakafungwa minyororo wang'atwe na mbwa watu wakilipa kuangalia, unyama mtupu, mpaka sheria ya 1835 ikapiga marufuku. Watu hao ungewapa neno lolote lile wangemwona dubu vilevile.

Na Wapolandi je? Wanasema niedźwiedź, Wacheki medvěd, neno ni lilelile la Warusi. Nao wanaiona dunia Kirusi? Anayetetea hoja ile aanzie hapo.