Magunia ya mitumba au mandhari ya Ngong: nipeleke zipi kwa majaji?

Wanja_Rangi

Hamjambo wasanii wenzangu. Nasomea sanaa hapa Nairobi, mwaka wa tatu, na kwa mara ya kwanza nataka kupeleka kazi kwenye maonyesho yanayochujwa na jopo la majaji. Wanataka kazi zisizozidi tatu, maelezo ya msanii yasiyozidi maneno 150, na bei. Kwanza unatuma picha ulizopiga kwa simu au kamera. Ukipita ndipo unapeleka kazi zenyewe, "zikiwa tayari kutundikwa".

Mama yangu anauza mitumba katika soko la Gikomba. Tangu mwaka jana nimekuwa nikichora kwa rangi ya akriliki juu ya yale magunia ya plastiki yanayofungia marobota. Nawachora vijana wanaoyabeba kutoka kwenye lori hadi vibandani. Robota la kilo 45 likimkalia mtu shingoni, kichwa chake hupotea kabisa, unabaki kuona mzigo na miguu miwili inayotafuta njia kwenye matope. Maandishi ya kiwandani nayaacha yaonekane, hasa ile alama ya kilo, inakuja juu ya bega.

Mwalimu anayenisimamia anasema magunia bado ni majaribio. Anataka nipeleke mandhari ya vilima vya Ngong, rangi ya mafuta kwenye kanvasi, kwa kuwa imekamilika na inauzika. Namheshimu sana. Lakini mandhari ile angeweza kuichora yeyote darasani kwetu, na magunia hakuna mwingine anayeyachora.

Je, nichanganye, magunia mawili na mandhari moja? Gunia nimelipata bure, bei nitaifikiaje? Na gunia linatundikwaje bila kuonekana kama pazia? Zimebaki wiki mbili na siku chache.

---

Otis_wa_Eastlands

Usichanganye. Peleka magunia matatu. Mandhari iuze kwingine, haina kosa lolote.

---

FundiKuta

Wanja mdogo wangu, kazi yangu ni kutundika maonyesho hapa mjini, na nimewahi kukaa chumbani majaji wakichuja, mimi ndiye nawabadilishia picha kwenye skrini. Kila kazi hukaa pale sekunde chache tu. Mara nyingi jina la msanii limefichwa, hawajui kama wewe ni mwanafunzi au mkongwe. Kazi tatu zinazosemezana zikipita, utasikia mmoja akisema, "Hebu rudisha ile ya kwanza." Mandhari ya Ngong ikiingia katikati ya magunia yako, watadhani faili za watu wawili zimechanganyika. Kwa hiyo naungana na Otis.

Lakini mwalimu wako usimpuuze. Neno "imekamilika" lina uzito. Magunia hayo ni plastiki, na akriliki haiipendi plastiki. Chukua gunia moja, kwaruza rangi kwa ukucha pale pembeni. Ikitoka kama maganda, kazi hiyo usiipeleke, hata kama ndiyo unayoipenda kuliko zote, kwa sababu itaanza kupukutika mbele ya mnunuzi. Utakazochora baadaye, piga gunia msasa laini na upake rangi ya msingi ya kushikia plastiki kabla ya kugusa akriliki. Mikunjo usiipige pasi hata kidogo. Plastiki hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na kabla ya kuyeyuka huwa imeshajikunyata. Litundike tu na uzito kwa chini siku kadhaa, litanyooka.

Sasa picha za simu, na hapa ndipo wanafunzi wengi wazuri hukatwa. Itoe kazi nje asubuhi, kwenye kivuli, au siku ya mawingu. Usiwashe mwanga wa simu, gunia la plastiki litang'aa na maandishi yako yote yatapotea. Simu iwe sambamba na ukuta, kimo chake katikati ya kazi. Rudi nyuma hatua kadhaa na uvute kidogo kwa lenzi, maana ukipiga kwa karibu kingo zinapinda. Kingo zote nne zionekane, na usiache ndoo wala miguu ya mtu kwenye fremu. Halafu, tafadhali, usiwatumie picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa hadi nyuzi za gunia zinageuka ukungu. Tuma faili yenyewe kutoka kwenye simu. Piga na moja ya karibu, waone rangi ilivyokaa juu ya nyuzi. Vipimo, kimo kwanza kisha upana, kwa sentimita.

Kutundika: shona mfereji wa kitambaa nyuma, juu kabisa, upana wa vidole vitatu. Pitisha fito ya mbao iliyonyooka, hapo hapo Gikomba wauza mbao watakukatia. Funga pete mbili za skrubu kwenye ncha za fito, waya katikati. Chini weka fito nyembamba zaidi ili gunia lisijikunje. Mtundikaji akilipokea hivyo, kazi yake ni misumari miwili tu, na atakushukuru. Kulisafirisha kwenye matatu, lizungushe kwenye paipu pana ya maji taka, rangi ikiwa upande wa nje. Watu hukunja rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda, kumbe ndipo inapopasuka.

La mwisho ni yale maneno 150. Jaji yeyote anayesoma akiona gunia atamkumbuka Ibrahim Mahama wa Ghana, aliyefunika majengo kwa magunia ya juti yaliyobeba kakao, Venice, Italia, mwaka 2015 na Kassel, Ujerumani, 2017. Na atawakumbuka Wajukuu, kundi la wasanii wa mtaa wa Mukuru hapa Nairobi, waliopeleka mabati makuukuu kwenye maonyesho ya documenta kule Kassel mwaka 2022 wakarudi na Tuzo ya Arnold Bode. Usiwaogope hao, ila usiandike kana kwamba gunia limegunduliwa leo. Andika kile wao hawana: kibanda cha mama yako, kichwa kinachopotea, alama ya kilo juu ya bega. Zile sentensi ulizotuandikia hapo juu zinatosha. Usizipambe kwa "ubeberu" na "utandawazi", jaji anasoma maneno hayo kwenye kila fomu.

---

Achieng_Chapa

FundiKuta amesema mengi, mimi niongeze la bei tu, kwa sababu linaniuma kuona wanafunzi wakijipunja.

Wanja, gunia ni bure ila mkono wako si bure. Waulize waandaaji wanachukua asilimia ngapi kabla hujaandika chochote. Kumbi nyingi huchukua kati ya 30 na 50. Tuseme ni 40 na wewe unataka 12,000 mkononi: kwenye fomu andika 20,000. Bei hiyo iwe hiyo hiyo kila mahali, hata jirani akija nyumbani. Ukimuuzia rafiki kwa 8,000 wiki hiyo hiyo, mwenye ukumbi akijua hatakuita tena. Kama hujui soko likoje, nenda utazame vibandiko vya bei kwenye maonyesho yale ya Kenya Museum Society pale Makumbusho ya Taifa, ama upite Kuona, kwa lile kundi la wasanii. Tazama kazi za vijana wa rika lako, siyo za wakongwe.

Simkubali Otis kwamba mandhari ni ya kuuzwa kwingine tu. Ingawa hapa haifai, hifadhi picha zake na vipimo. Kuna matangazo ya maonyesho yanayotaka uchoraji wa mafuta peke yake.

Na soma fomu mpaka chini. Wakiomba ruhusa ya kutumia picha ya kazi yako kwenye bango na katalogi, sawa. Wakiomba hakimiliki yenyewe, usitie sahihi. Hapa Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2001, hakimiliki ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada yako, na hata mtu akinunua gunia, hakimiliki haimfuati mpaka umpe wewe kwa maandishi yenye sahihi yako.

---

Wanja_Rangi

Asanteni sana, kaka na dada. Nimekwaruza yote kwa ukucha. Moja limebanduka pembeni, naliacha. La kulijazia nafasi kwenye yale matatu ni la kijana mmoja ambaye ameinua uso kidogo, na wanaomjua watamtambua. Nimpeleke bila kumuuliza?

---

Achieng_Chapa

Hapana. Mchapie hiyo picha kwenye karatasi umpelekee, asubuhi kabla malori hayajafika, maana wakianza kushusha hana nafasi ya kukusikiliza. Mwambie ni maonyesho, kwamba inauzwa, na kwamba uso wake unaweza kutokea kwenye bango. Akikubali, muulize anataka aitwe nani kwenye jina la kazi. Ikiuzwa mpe kitu, mkubaliane sasa. Akikataa, peleka mawili. Tangazo limesema zisizozidi tatu, halikusema lazima ziwe tatu.