"Paka sasa", "Salimu amri": tovuti ya hawa wasaidizi wetu Lamu imenichosha

Wanajukwaa, nina hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Nina saiba ndogo hapa Amu, yaani mji wa Lamu, upande wa Langoni. Kompyuta nne, moja mbovu. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kwa hiyo nikisema tovuti ya shirika moja la huduma za jamii ni balaa, sisemi kwa kusikia. Jina lao nimeliacha, wenyewe wanajijua.

Jumanne shangazi yangu alivuka kutoka Siyu, kijiji cha kisiwa cha Pate. Ana miaka sabini na kitu, analea wajukuu wawili mayatima, mmoja hasikii. Kufika ofisini kwao akaambiwa dirishani hawaandikishi tena mtu, kila kitu kiko kwenye tovuti. Tovuti hiyo ilizinduliwa kwa pilau na hotuba. Basi akaja kwangu na bahasha yake ya vyeti.

Ukurasa wa kwanza ni picha tano zinazozunguka. Mkurugenzi anakata utepe. Jahazi na machweo. Punda. Watoto wanacheka. Mkurugenzi tena. Mimi mwenye laini nzuri nilisubiri; aliye kijijini na bando la shilingi ishirini, punda atalimaliza kabla hajaona neno "msaada". Na neno lenyewe halipo! Huduma zimefichwa chini ya "Nguzo za Kimkakati". Nani anaamka na njaa akatafuta nguzo ya kimkakati?

Nikabonyeza Kiswahili. Jamani. Kitufe cha kuomba msaada, "Apply now" kwa Kiingereza, kimeandikwa "Paka sasa". Cha kutuma fomu, yaani "Submit", ni "Salimu amri". Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, halafu hapa Lamu, kwa wenyewe, tunaambiwa tupake. Shangazi akaniuliza, "Tupake nini, mwanangu?" Nikakosa la kumjibu.

Maswali arobaini na moja, ukurasa mmoja. Barua pepe lazima. Hana, nikamfungulia, na nenosiri nimemwandikia nyuma ya bahasha kwa sababu najua halitakaa kichwani hata kwangu. Jina la barabara na nambari ya nyumba, lazima. Siyu! Tarehe ya kuzaliwa: kitambulisho chake kina mwaka tu, kama wazee wengi wa rika lake, lakini fomu haitaki mwaka bila siku na mwezi. Nikaweka Januari mosi, yaani nimemtia bi mkubwa uongo kinywani. Orodha ya vijiji ina Pate na ina Faza, Siyu haimo. Nikachagua Faza, uongo wa pili. Kisha uthibitishe kwamba wewe si roboti: bonyeza picha zote zenye taa za kuongozea magari. Kisiwa kizima cha kwao hakina taa hiyo hata moja. Wangeuliza picha za punda, shangazi angemaliza kabla yangu.

Nikasalimu amri. Yakatoka maandishi mekundu: "Hitilafu." Basi. Hitilafu gani, wapi, haisemi, na fomu yote imerudi tupu. Nilipokuwa katikati ya kujaza mara ya pili maji ya bahari yalishaanza kupwa, na boti haimngoji mtu. "Yeo basi tena," akasema, akafunga bahasha yake.

Sasa watakuja wale wa kusema wazee hawajui teknolojia. Nawajibu kabla hamjafika. M-Pesa ilianza 2007, na shangazi anaitumia kwenye kabambe yake mwenyewe, simu ya vitufe: anatuma, anapokea, makato anayajua kuliko mimi. Menyu ile haina picha hata moja. Inauliza jambo moja, unajibu, inakwenda la pili, mwisho inakuonyesha ulichoandika kabla hujakubali, halafu unapata ujumbe kwamba imefika. Hawa wa tovuti nani kawakataza kufanya hivyo?

Na kuna kitu wanakiita "Kikokotoo cha Kustahiki". Hiki ndicho kilichonipandisha presha. Unajibu maswali kumi na mbili, kipato chako, watu wa nyumbani, maradhi, mpaka kama una virusi vya UKIMWI na kama mume anakupiga. Ukimaliza: "Asante, tutawasiliana nawe." Kikokotoo gani hakikokotoi? Mtu alitaka kujua anastahiki au hastahiki, aje na karatasi zipi, siku gani, na kama hapa si pake aende wapi. Hayo hayahitaji hata jina lake. Jina mtalichukua akishaamua kuomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mchukue zile taarifa zinazohitajika tu, na habari za afya ya mtu ndizo za kulindwa zaidi. Amu ni mji mdogo. Kompyuta yangu anakaa mke asubuhi, jioni anakaa shemeji yake, na kivinjari kinakumbuka kila neno kama mbeya wa mtaa. Mimi nafuta kila mteja akiondoka, lakini si kila saiba inafuta. Ukurasa unaouliza habari za kupigwa unatakiwa uwe na kitufe kikubwa cha kutoka mara moja, unabonyeza unaletewa ukurasa wa hali ya hewa, anayechungulia asijue ulikuwa unasoma nini. Kwao hakuna. Kuna kitufe cha kumpongeza mkurugenzi.

Kijana mmoja anayefanya kazi humo ameninong'oneza kwamba fomu zinazotumwa zinaingia kwenye anwani ya fundi aliyejenga tovuti. Fundi alilipwa, akaenda zake, na nenosiri hakuna anayelijua. Bajeti ya kujenga ilikuwepo, ya mtu wa kusoma na kujibu haikuwekwa. Kwa hiyo hata hao waliofanikiwa kusalimu amri wanangoja bure, wengine toka kabla ya Ramadhani.

Hasira yangu inazidi kwa sababu dawa wanayo pale pale. Dirishani kuna dada anayeulizwa yale yale kila siku: je, nimo? nije na nini? msaada unatoka lini? mjukuu hana cheti cha kuzaliwa, nifanyeje? Angepewa daftari wiki mbili ayaandike, hilo daftari ndilo ukurasa wa kwanza. Kisha waite watu watano, wawili wawe wa vijiji vya mbali kama Kizingitini au Kiunga, wenye simu za kawaida, wajaze huku fundi anatazama na amefunga mdomo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Nauli zao zingekuwa nafuu kuliko ile pilau.

NYONGEZA: Aliyeniuliza kama nimewapigia, nimewapiga. Nambari ya kwanza haipatikani, ya pili ni ya muuza samaki wa Mokowe, mtu mstaarabu sana, anasema mimi ni wa saba wiki hii. Jumatatu naenda mwenyewe na maombi ya shangazi niliyoyaandika kwa mkono, na sitoki mpaka yagongwe muhuri. Mwenye kujua ni afisa gani pale huwa anapokea karatasi, aniambie ni chumba kipi.