Unga una sumukuvu, bosi anataka tunyamaze. Nifanyeje?

Mleta mada:
Wakuu, habari zenu. Ni mdhibiti ubora kwenye kiwanda cha sembe, mkoa naomba nisiutaje. Majibu ya maabara ya toleo moja la unga yametoka juzi: sumukuvu (sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi) mikrogramu 23 kwa kilo, na kiwango cha Afrika Mashariki mwisho ni 10. Viroba vimeshafika kwa mawakala, vingine viko madukani. Bosi anasema tukitangaza tumekwisha, toleo hili liishe kimyakimya. Nina familia inanitegemea, ila kuna watu wanakorogea watoto uji kwa unga huo. Naombeni ushauri.

Mzee wa Kibaigwa:
Pole sana mkuu. Mwaka 2016 huku kwetu Dodoma na jirani zetu Manyara sumukuvu iliua watu 20, ndiyo maana suala hili silichukulii kirahisi. Na uji uchemke vipi, ile sumu haiondoki. Leo hii wapigie mawakala wasitishe mauzo. Kisha mwandikie bosi barua pepe yenye majibu ya maabara. Mazungumzo ya ofisini yatakanwa, maandishi hayakanwi.

Mpenda Ukweli:
Mimi ningepima tena kwanza. Sumukuvu haitapakai sawasawa kwenye mzigo, sampuli moja inaweza kukosea.

Dada wa Maabara:
@Mpenda Ukweli hapo kwenye sampuli uko sahihi, lakini mzigo uzuiwe wakati mnapima, maana ukisubiri majibu unga utakuwa umeshaliwa.

Mleta mada, huyo bosi mweleze habari za Maple Leaf Foods ya Kanada. Mwaka 2008 nyama zao zilikuwa na bakteria wa listeria, wakafa watu zaidi ya 20. Mkuu wa kampuni, Michael McCain, alijitokeza kwenye televisheni akaomba radhi, akarudisha bidhaa zote za kile kiwanda, na akasema wazi kwamba hatawasikiliza wanasheria wala wahasibu. Kampuni iliendelea kuwepo. Mwaka huohuo Sanlu ya China ilikuwa na malalamiko ya maziwa ya watoto kwa miezi kadhaa, ikayaficha. Watoto 6 walikufa, kampuni ikafilisika, mwenyekiti wake akahukumiwa kifungo cha maisha. Anayeogopa kufa kibiashara ailinganishe mifano hii miwili.

Mleta mada:
Asanteni sana. Mawakala wawili wakubwa wamekubali kusitisha. Barua pepe nimetuma, bosi hajajibu. Akikataa kabisa?

Mzee wa Kibaigwa:
Nenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania), usalama wa chakula uko kwao tangu 2019. Beba nakala ya majibu na orodha ya mawakala.

Dada wa Maabara:
Na akikubali, tangazo liwe fupi: jina la unga, namba ya toleo, tarehe ya kusagwa, mteja aurudishe wapi, na kwamba atarudishiwa hela hata kama kiroba kimeshafunguliwa. Neno "sumukuvu" liandikwe hivyohivyo, msijifiche nyuma ya "changamoto ya ubora". Libandikwe hata kwenye maduka ya vijijini.