Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba umeokoka kweli?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu kuhusu uhakika wa wokovu, sio mahubiri, sema yaliyokukuta wewe.

Naanza. Niliokoka nikiwa fomu two kwenye mkutano wa injili pale Furahisha, hapa Mwanza, nikaongozwa sala ya toba nikalia sana. Wiki haijaisha nikagombana na dada yangu nikamtukana, nikajua basi, jina limeshafutwa kwenye kitabu cha uzima. Toka hapo kila mkutano ukija napita tena mbele, Igoma, Buzuruga, Furahisha tena, hadi mhudumu mmoja akanikariri sura akaniambia wewe binti unachezea neema. Ile kauli niliibeba miaka. Nilikuwa nikiamka usiku nakuta nyumba kimya nakimbilia chumbani kwa mama kuangalia kama bado yupo, nikihisi Yesu amerudi nimeachwa peke yangu. Kilichonitoa hapo ni mama mmoja wa kanisani, tunachambua dagaa kwake, akanisomesha 1 Yohana 5:13, "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele", akaniuliza mwanangu, imeandikwa mjue, mbona wewe unasoma mkisie? Nililia palepale kwenye dagaa. Sijapita mbele kuokoka tena.

mvuvi_mwaloni: Dada umenigusa. Mimi navua dagaa, usiku mmoja wa giza upande wa Ukerewe upepo ukageuka, taa zikazima, maji yanaingia tunachota na ndoo. Nilikuwa na miaka tisa kwenye wokovu lakini aisee niliogopa jehanamu kuliko maji. Nikaanza kuhesabu, zaka sijatoa miezi miwili, kaka yangu sijamsamehe, kila nikihesabu naona deni tu. Kuna mzee tulikuwa naye anachota maji huku anaimba pambio la Kisukuma, ametulia kabisa. Tulipofika mwaloni asubuhi nikamuuliza mzee wangu hukuogopa? Akasema mtoto akiwa mgongoni sio yeye anayemshika mama, mbeleko ndo imemshika. Mchungaji wetu nilipomsimulia akaniambia hata John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti, yalimkuta, mwaka 1736 yuko melini anaenda Marekani, dhoruba ikapiga, Wamoravia, kundi la Wakristo kutoka Ujerumani, wanaimba zaburi hadi watoto hawaogopi, yeye anatetemeka na tayari ni kasisi! Alikuja kupata uhakika London tarehe 24 Mei 1738, zaidi ya miaka miwili baadaye. Nikaona kumbe siko peke yangu.

mjukuu_wa_nyakato: Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tunaongea tofauti kidogo, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547 ulisema mtu asijihakikishie kwamba lazima atadumu mpaka mwisho, labda afunuliwe na Mungu kwa namna ya pekee. Ila msidhani tunaishi kwa hofu, tuna tumaini. Bibi yangu alipozidiwa alipakwa mafuta ya wagonjwa, akakomunika, akatuambia msilie, naenda kwa mwenye huruma. Alisema kama mtu anayerudi kwao. Mimi ile sura yake ndo uzoefu wangu.

baba_wawili_sengerema: Na waliorudi nyuma je? Rafiki yangu tuliokoka siku moja, sasa hivi ni pombe na hataki hata kusikia. Waebrania 6, pale inaposema walioanguka haiwezekani kuwafanya upya wakatubu, inanikosesha usingizi kwa ajili yake, sio kwa ajili yangu.

Mleta mada: Kaka hilo hata mimi linaniuma, kuna wanaosema hakuokoka toka mwanzo, kuna wanaosema ameupoteza. Mimi nashika Yohana 10:28, hakuna atakayewapokonya katika mkono wake, na namuombea nikiamini bado yumo mkononi. Usiache kumpigia simu.

mgeni_buzuruga: Shikamooni. Mimi bado sijaupata huo uhakika. Jana nimepita tena mbele, mara ya sita, nikaona aibu nikarudi kabla ya maombi.

Mleta mada: Marahaba mdogo wangu. Usione aibu kabisa. Niandikie inbox, Jumamosi nakuja hukohuko Buzuruga tukae tusome 1 Yohana yote, ni sura 5 tu, na yule mama wa dagaa nitakuja naye.