Jiko la nyumba ya kupanga, dogo, msumari marufuku: mnalipambaje Krismasi?

mama_wawili_kimara
Habari za jioni wapendwa, naombeni mawazo. Kila mwaka kwangu sebule ndo inapambwa, mti pale, taa dirishani, jikoni hakuna kitu zaidi ya kalenda ya kanisa iliyojikunja kwa mvuke. Sasa mwaka huu wakwe wanakuja kula kwetu tarehe 25 na nikipiga hesabu mimi na wifi zangu tutashinda humo toka alfajiri, maandazi ya asubuhi, pilau, kuku, kachumbari, vyombo, hiyo sebule tutaiona saa ngapi? Nataka na huku kuwe na Krismasi.

Jiko lenyewe ni jembamba, dirisha moja lina fimbo ya pazia, sinki, kabati la juu milango minne, friji, jiko la gesi la pleti mbili na mtungi wake pembeni, soketi moja tu ambayo friji na birika la umeme vinagombania. Baba mwenye nyumba hataki kusikia habari ya msumari wala gundi inayobandua rangi. Bajeti elfu thelathini, sana sana thelathini na tano. Na sitaki vitu ambavyo Januari nakuta vimeshika mafuta na vumbi natupa vyote. Nilikuwa nawaza kava jekundu la mtungi, pamba juu ya kabati iwe kama theluji, na taa za kumetameta nizizungushe ukutani pale juu ya jiko. Mnaonaje?

Kaka_Mbishi
Dada hiyo elfu thelathini ongeza kuku mwingine. Jiko ni la kupikia. Mapambo ya jikoni ni kuwajengea mende gesti.

shangazi_wa_tabata
@Kaka_Mbishi wewe siku ya Krismasi jikoni unaingia kufuata nini, maji ya baridi? Basi waache wanaoshinda humo waseme.

Mama wawili mpenzi, anza na milango ya kabati, ndo kitu kikubwa ulichonacho na hakitaki gundi. Nunua riboni pana ya kitambaa nyekundu, Kariakoo wanauza roli zima, ukinunua roli inakutoka nafuu kuliko kupimiwa mita. Unafungua mlango wa kabati, unazungusha riboni toka juu hadi chini na nyingine ya kukatiza, unafungia fundo kwa NDANI, mbele unaweka ua la riboni hapo zinapokutana. Kila mlango unakuwa zawadi iliyofungwa. Milango minne haitakuchukua jioni nzima na rangi ya kabati haiguswi. Ukimaliza sikukuu unafungua, unaloweka na sabuni, unapiga pasi, unatunza mwakani. Ila chagua riboni ya kitambaa sio ile ya plastiki inayong'aa, ile mvuke ukiipata siku mbili imenyong'onyea. Kama kuna mlango uko juu kabisa ya moto uache wazi, mitatu inatosha.

Pazia la dirisha toa lile la siku zote, weka kitenge chekundu au kijani, usikate hata usishone, kikunje tu juu ya fimbo ushike na pini. Kikitoka hapo unajifunga. Kwenye hiyo hiyo fimbo ning'iniza mipira ya mti kwa uzi, urefu tofauti tofauti, ile ya plastiki maana ya kioo ikidondokea kwenye sinki la vyombo utalia.

Pamba achana nayo. Juu ya kabati la jikoni ndo mahali mafuta yote ya kukaangia yanakwenda kulala, pamba wiki moja tu inakuwa ya kahawia. Na theluji ya nini Kimara na joto lote hili la Desemba jamani.

fundi_umeme_mstaafu
Nakubaliana na shangazi kuhusu pamba, na naongezea kwamba pamba inashika moto upesi mno, mshumaa mmoja au cheche ya kiberiti inatosha. Sasa hayo mambo mengine mawili, taa na kava.

Taa juu ya jiko HAPANA. Mvuke na mafuta vinaingia kwenye viungio vya waya, na waya zenyewe za hizi taa ni nyembamba sana, joto la jiko linalainisha plastiki yake. Zipeleke dirishani au juu ya kabati upande wa mbali na moto na mbali na sinki. Chukua LED, zile za zamani za vibulbu vinavyochemka usichukue hata ukipewa bure. Kuhusu LUKU usiogope, waya wa LED wa wati 10 ukiwashwa masaa sita kila siku mwezi mzima unakula uniti 1.8 tu, hata mbili hazifiki.

Tatizo lako ni soketi. Plagi zetu ni za ampea 13, kwa volti 230 hiyo ni kama wati 2,990 hivi. Birika la umeme peke yake linaweza kula 2,000 na zaidi, friji nayo compressor ikianza kuzunguka inavuta ghafla, halafu Krismasi mtu anakuja na blenda yake anachomeka hapo hapo kwenye ekstensheni ya bei chee. Hapo ndo zinaungua. Kwa hiyo kwako nashauri taa za betri, au zile za USB unachomeka kwenye pawabenki, hazigusi soketi kabisa na umeme ukikatika saa mbili usiku jiko lenu ndo litakuwa linang'aa peke yake.

Kava la mtungi. Najua akina mama mnayapenda, yanashonwa na marinda kabisa. Mimi siyataki. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inatambaa chini, na ukiwa umeuvika gauni hadi shingoni siku ya dharura utatafuta pa kuzimia huku unahangaika na marinda. Ukilazimisha, basi liishie mabegani, valvu na regyuleta vibaki wazi, na kitambaa kisiwe cha kupepea karibu na moto. Na kabla ya sikukuu paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, ukiona mapovu yanavimba, inavuja.

Kaka_Mbishi
Fundi umeua sherehe.

fundi_umeme_mstaafu
Sherehe iendelee, mimi nataka muione Boxing Day.

mwana_wa_tanga
Mimi mwislamu ila Krismasi napikiana na majirani zangu miaka yote kwa hiyo nisemee harufu, maana jikoni pambo la kwanza ni pua. Ukishamaliza kupika kwenye mkaa usiumwagie maji, kuna lile joto linabaki, bandika sufuria ndogo ya maji, tia vijiti vya mdalasini, karafuu kiasi, maganda ya chungwa na iliki mbili tatu ulizozipasua. Iache ifuke taratibu, ongeza maji yakipungua. Harufu ya samaki wa jana na vitunguu vyote kwaheri. Kwenye gesi pia inawezekana moto mdogo kabisa lakini usiondoke ukaisahau. Na mkaa usiuingize ndani mkafunga dirisha, hewa yake ya sumu inaua hata kama moshi huuoni.

Halafu chungwa bichi lichomeke karafuu, unatoboa kwanza na kijiti cha meno ndo vidole visiume, unafanya mistari au nyota, unapanga matatu manne kwenye sahani ya udongo. Watoto wanaipenda hiyo kazi, wape wakae kimya kidogo. Lakini mapambo ya pipi, zile fimbo za mistari watu wanatundika, usithubutu, sisimizi watafika kabla ya wakwe.

fundi_umeme_mstaafu
@mwana_wa_tanga nzuri, ila dada apime mtungi KABLA ya kuchemsha viungo. Gesi yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya inaongezwa kiwandani makusudi ili mstuke. Ukijaza jiko karafuu hutaisikia.

shiru_wa_kitale
Hi kutoka Kenya 😀 hapa kwetu ushago mama alikuwa anafunga matawi ya cypress kwa kona halafu tunazungushia karatasi ya choo za rangi, pink, kijani, ya blue, na baluni, na kwa jikoni ya kuni pia hatukuachwa, zilikuwa zinageuka rangi ya moshi lakini nani alijali. Siku hizi nikiwa kwa nyumba yangu natumia vitu zenye nitatumia tu. Nanunua vikombe za enameli nyekundu, zinatundikwa kwa zile hook za kubandika kwa tiles (osha tile na sabuni na maji moto kwanza, kausha kabisa, upanguse na spirit, bila hivyo kwa jikoni zinaanguka juu ya mafuta). Taulo za vyombo za kijani na nyekundu nazitundika kwa mkono wa oven. Mikebe ya biskuti ya Krismasi situpi, ndio inakaa sukari na majani chai. Hakuna kitu hapo ni ya kutupa January. Na glita hapana kwa jikoni jamani, utakula chapati zinang'aa.

mangi_mdogo
Kwa sisi wa kaskazini ambao Desemba tunapanda basi kwenda Moshi, jiko la mama linapambwa na kilichopo shambani. Jani la mgomba linatandikwa mezani, linaoshwa, chakula kinapangwa juu, rangi ya kijani unayo tayari. Ukiweka nanasi na maembe katikati hapo imekwisha, pambo unalila mchana. Na masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani. Kata machache weka kwenye jagi la maji, yanakaa muda mrefu hayanyauki, hayadondoshi kitu kwenye chakula. Halafu kwa Mchaga sale ni amani, mtu akikuletea sale kuomba msamaha ni ngumu kumkatalia, kwa hiyo kama na wakwe kuna kajambo hakajaisha weka jagi kubwa. Onyo moja, usikate ya mpakani mwa shamba la jirani, yale ndo mpaka wenyewe.

Wa Dar mnatumia matawi ya mvinje najua, ni mazuri lakini jikoni hapana, yakikauka yanamwaga visindano vyake kwenye sufuria na yanawaka vibaya. Maua mekundu ya mkrismasi je? Mengi Dar yanakuwa yamechanua msimu huu, okota tawi lililodondoka weka kwenye chupa dirishani, ni la siku moja mbili tu lakini bure.

mama_wawili_kimara
Jamani asanteni mno, nimecheka na nimejifunza. Pamba nimefuta, taa zinakwenda kwenye fimbo ya pazia na pawabenki ya mume wangu (hajui bado), kava la mtungi nitashona fupi la mabegani. Riboni nafanya milango mitatu. Machungwa ya karafuu nawapa watoto tarehe 24 wakati nachambua mchele. Swali la mwisho kwa mangi, masale Dar napata wapi? Na yasiwe ya bei ya ajabu.

mangi_mdogo
Wauza maua wa barabarani wanayo, ukikosa sale uliza drasena. Chukua ya kijani kitupu, zile zenye mistari ya njano watakuuzia bei ya ofisini.

Kaka_Mbishi
Mimi nataka kujua tu hilo nanasi la mezani linakatwa saa ngapi.