Zimwi kwenye hadithi ya leo: nilitoe au nilibakize?

Chipukizi_Moro:
Wakubwa shikamooni. Naandika hadithi fupi ya ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao, Kihonda, Morogoro. Usiku linaingia zimwi na kukaa sebuleni. Mhariri mmoja kanirudishia, anasema mazimwi ni ya watoto, msomaji wa leo anataka uhalisia. Nifanyeje?

Mwalimu_Tanga:
Marahaba mwanangu. Usilitoe.

Soma tena *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert. Asili ya kisa kile ni Alfu Lela Ulela: liwali wa Basra ambaye ndugu zake wawili wamegeuzwa mbwa, naye kila usiku lazima awachape, la sivyo jini atamwadhibu yeye. Shaaban akawafanya manyani, akawaita Hasidi na Mwivu, akauhamishia mkasa nchi ya Ughaibu. Lile sharti la mjeledi hakuligusa! Kila ninapokisomesha hunibana moyo: mtu mpole, anawapenda nduguze, mjeledi mkononi, na hana ruhusa ya kusema leo nimechoka.

Sasa lako linataka nini? Kukaa tu hakutoshi. Bibi yangu wa Pangani alituhadithia zimwi lililomtia binti ndani ya ngoma, likapita kijiji kwa kijiji likimwimbisha ili lipewe chakula. Watu wanacheza, wanafurahi, mtoto wa wenzao yumo humo ndani. Ukilipa lako haja kama ile, hakuna atakayesema ni la watoto.

Msomaji_Nakuru:
Naungana na Mwalimu. Ngũgĩ aliijenga *Matigari* juu ya ngano ya mgonjwa anayemtafuta mzee Ndiiro ampe dawa. Kitabu kilitoka kwa Kikuyu 1986, mwaka uliofuata polisi wakakizoa madukani. Serikali haiogopi vitabu vya watoto.

Chipukizi_Moro:
Asanteni sana. Basi litakalia kiti cha marehemu, na haliondoki mpaka mmoja wao aseme nani aliyeificha hati ya nyumba. Kila usiku wakinyamaza, linakula chumba kimoja.

Mwalimu_Tanga:
Hapo sawa! Anza na stoo, chumba cha mama yao kiwe cha mwisho. Na wimbo wake je? Zimwi lisiloimba mimi sijalisikia. Andika aya ya kwanza uilete hapa tuisome.